Nilihesabu Waliopona Tu

Mimi ni mkulima wa alizeti na uwele hapa Mtinko, mkoani Singida. Nafuga kuku wa kienyeji na nina mizinga michache ya nyuki. Lakini ukiwatajia wenyeji jina langu, wengi watakuambia kwanza kazi niliyokuwa nayo zamani: nilikuwa mganga wa nyoka. Wenzangu wa jumuiya wameniomba niandike yaliyonipata, nami nimekubali, kwa sababu najua pale nilipokuwa mimi bado wapo watu. Wengine wanauza nilichouza. Wengine, na hao ndio wengi, wana mgonjwa ndani na simu mkononi yenye habari njema, hawajui waiamini au waiache. Siandiki ili nimhukumu mtu. Mimi mwenyewe nilistahili hukumu, nikapewa rehema.

Kazi niliirithi kwa mjomba. Alikuwa na mfuko wa ngozi ya mbuzi, na ndani yake mizizi, vichwa vikavu vya vifutu, na jiwe jeusi la nyoka. Lile tunaloliita jiwe ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa mpaka ukawa mweusi. Ukilibandika kwenye jeraha lenye damu linanata, na kunata kwake ndiko kulikotupa heshima. Watu wakiona limenata wanaamini linanyonya sumu. Nilijua tangu ujana kwamba linanata hata kwenye ulimi, kwa kuwa mfupa uliochomwa una vitundu vinavyofyonza unyevu. Nililijua hilo, na sikuwahi kujiuliza maana yake.

Mjomba alipofariki niliuchukua mfuko, nikaanza kuzunguka minadani, hapa kwetu, Ilongero na kwingine. Nilikuwa na sauti nzuri ya kuuzia. Aliyeletwa kwangu ameumwa na nyoka akapona, nilimtaja mnadani pamoja na kijiji chake, na mara nyingine nilimwita aje asimame mwenyewe. Aliyekufa nilikuwa na maelezo yake tayari. Mlimchelewesha. Alikula chumvi. Mlipita hospitali kwanza, dawa ikakasirika. Ndugu wa marehemu waliondoka wakijilaumu wenyewe, na wengine waliniachia hata kuku wa shukrani. Nyuso za waliopona nazikumbuka mpaka leo. Za waliokufa nilizisahau kwa kukusudia.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba nyoka wengi wanaouma watu hawana sumu ya kumdhuru mtu. Na hata mwenye sumu kali, mara nyingine huuma bila kuitoa. Sehemu kubwa ya wagonjwa wangu wangepona hata kama ningewabandika kipande cha kiazi. Wale walioumwa sawasawa ndio waliokufa au kubaki vilema, na hao sikuwatia katika hesabu yangu.

Kisha zikaja simu janja. Siku moja mpwa wangu alinionyesha ujumbe uliokuwa ukisambazwa: wanasayansi wamegundua kwamba sumu ya nyoka inaua saratani. Palikuwa na picha ya mtu aliyevaa koti jeupe, ameshika chupa ndogo. Nilifurahi kama mwanafunzi aliyeletewa cheti cha mtihani ambao hakuufanya. Tangu siku hiyo nilianza kusaga vichwa vya vifutu, nachanganya na asali, nawauzia watu wenye vimbe. Mtu akiuliza, namwonyesha simu. Hakuna aliyekufa kwa unga wangu, ninavyojua. Baadaye nilielezwa kwamba sumu ya nyoka ni protini, na ikimezwa kwa kawaida tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama. Kwa hiyo haikuua na haikuponya. Ilichofanya ni kula muda, na mtu mwenye saratani hana mali kubwa kuliko muda.

Nina dada mmoja, mkubwa wangu. Mama alipofariki ndiye aliyenibeba mgongoni, na ndiye aliyeuza mbuzi nikamaliza darasa la saba. Alikuwa mjane, anakaa ng'ambo ya korongo. Mwaka ule, mvua za kwanza zilipoanza, alianza kutokwa na damu, na umri wa hedhi ulikuwa umeshampita. Muuguzi wa kliniki alimwambia aende akapimwe mlango wa kizazi. Kipimo ni cha kupaka siki na kutazama, hakichukui muda. Dada alikuja kwanza kwangu. Mimi ndiye mwanamume aliyebaki katika nyumba yetu, na mimi ndiye mtu wa dawa.

Nilimwambia asiende. Nilimwambia wanaopelekwa Dar es Salaam wanarudi kwenye jeneza. Nikampa asali yenye unga, nikakataa hela yake, na moyoni nilijiona ninampenda sana kwa kutomtoza. Mvua zilinyesha mpaka zikakatika, alizeti ikachanua, ikainama, ikavunwa. Muda wote huo dada alikuwa analamba asali yangu, na damu haikukoma. Nikimuuliza hali, anajibu, "Namshukuru Mungu, mdogo wangu." Sikuuliza zaidi, kwa sababu sikutaka kusikia zaidi.

Msimu ule wa mavuno watoto waliniletea kifutu mzima kwenye kiroba. Nilikuwa nawalipa kwa kila nyoka. Kifutu ni mnene, mfupi, mvivu wa kukimbia, na uvivu huo humfanya mtu amdharau. Nilifungua kiroba nikiwa nazungumza na mtu. Aliniuma mkononi, nyuma ya kidole cha shahada.

Nilifanya nilichowafanyia wengine. Nilikaa chini ya mti, nikachanja kidogo kwa wembe, nikabandika jiwe. Jiwe lilinata. Mkono ukaendelea kuvimba. Vidole vilifumba, ngozi ikang'aa, kisha yakatokea malengelenge yenye maji meusi, na uvimbe ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Maumivu yale sina neno la kuyaeleza. Nililitazama lile jiwe likiwa limenata vizuri kabisa, na kwa mara ya kwanza nikawakumbuka watu niliokuwa nimewasahau. Walikuja mmoja mmoja. Mama mmoja na mtoto wake wa kike niliwakumbuka mpaka rangi ya kanga.

Bado sikutaka kwenda hospitali. Kilichonizuia ni aibu: watu wa mnadani watasema nini? Jioni mke wangu aliacha kubishana nami, akaenda kumwita dada. Dada alikuja na ugonjwa wake, akasimama mbele yangu, akasema, "Inuka." Hakuongeza neno. Nikainuka. Tulipanda bodaboda, mimi katikati, kisha tukapata gari.

Hospitalini nilitegemea kukemewa. Hakuna aliyenikemea. Walilibandua jiwe, wakaliweka kwenye kisahani, wakaninyoosha mkono, wakachukua damu yangu na kuiacha kwenye kichupa cha kioo waone kama inaganda. Haikuganda. Dawa ya sumu ya nyoka ilitafutwa, ikapatikana kwa bei kubwa, nikawekewa kwenye dripu. Kidole kimoja baadaye kilikatwa kwa sababu nyama yake ilikuwa imekwisha kufa. Mkono ulibaki. Mimi nilibaki.

Wodini palikuwa na tabibu kijana wa zamu ya usiku. Sikupata usingizi, naye alikuwa na tabia ya kukaa na wagonjwa. Kwanza aliniita mzee, nami nikamwita daktari, tukazoeana. Aliyoniambia usiku ule na siku zilizofuata ndiyo yaliyonigeuza. Mengine niliyasoma baadaye katika karatasi alizonipa, nayaandika kwa pamoja.

Nilimuuliza ile dripu ilitengenezwa na nani. Akaniambia ilianzia kwa farasi. Farasi mwenye afya hudungwa sumu kidogo sana, kisha huongezewa kidogo kidogo, na mwili wake hutengeneza kingamwili za kupambana nayo. Damu yake huchukuliwa bila kumuua, zile kingamwili huchujwa, husafishwa, na ndizo zilizoingia kwenye mshipa wangu. Mmoja wa waanzilishi wa njia hiyo ni daktari Mfaransa, Albert Calmette, katika miaka ya 1890. Kisha tabibu akagusa kovu lililo kwenye bega langu la kulia. "Na hili pia ni lake," akasema. Chanjo ya kifua kikuu ya BCG ilitengenezwa na Calmette pamoja na mwenzake Guérin, na mtoto wa kwanza alipewa mwaka 1921. Nilikuwa nimetembea na alama ya mtu huyo tangu utotoni, huku nikiwaambia watu wasiende hospitali.

"Sasa watajuaje kwamba dawa ya farasi ina nguvu ya kutosha?" nikauliza.

"Kwa panya," akasema. Kwanza hutafuta kiasi cha sumu ambacho kikidungwa kundi la panya weupe wa maabara, nusu yao hufa. Hicho ndicho kipimo cha ukali wa sumu. Kisha huchanganya sumu na dawa, hudunga panya wengine, wanahesabu wangapi wamebaki hai. Chupa haitoki kiwandani mpaka hesabu hiyo ikubali.

Nikamwonyesha kile kisahani. Hakucheka. Alisema hata jiwe limepimwa. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa panya waliodungwa sumu za nyoka wa Afrika, ikiwemo ya kifutu na ya swila. Wengine walibandikwa jiwe jeusi, wengine hawakubandikwa. Jiwe halikuleta tofauti.

Nilinyamaza kwa muda. Kisha nikauliza swali ambalo nadhani ndilo lililonibadilisha, ingawa lilinitoka bila kufikiri: "Waliwahesabu na waliokufa?"

"Mzee wangu," akasema, "hao ndio wanaohesabiwa kwanza."

Ndugu yangu unayesoma, sijui wewe ungesikia nini katika jibu hilo. Mimi nilisikia kazi yangu yote. Mjomba alihesabu waliopona. Nami nilihesabu waliopona. Watu wa maabara hawana macho makali kuliko ya mjomba, wala si watu wema kuliko yeye. Tofauti yao ni kwamba wamejifunga kuandika na wale ambao dawa iliwashinda, na kuweka kando kundi ambalo halikupewa chochote, ili wajue nani angepona mwenyewe. Jambo dogo namna hiyo lingewaokoa watu wengi mikononi mwangu, na halihitaji hata umeme.

Usiku uliofuata nilimwonyesha ule ujumbe wa saratani. Nilitaka aseme ni uongo, nipumzike. Akasema si uongo mtupu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Calmette huyo huyo, mwaka 1933, mwaka aliofariki, alitoa taarifa na wenzake kuhusu sumu ya fira na uvimbe wa saratani katika panya. Tangu hapo watu wa Misri, India, Saudi Arabia, Brazili na kwingine wamefuata njia hiyo. Hupandikiza saratani kwa panya, wakawagawa makundi: wengine hudungwa maji ya chumvi, wengine sumu kwa kiasi kilicho chini sana ya kile cha kuua. Mara nyingi uvimbe hupungua kasi, na panya huishi muda zaidi. Sababu zinajulikana kwa sehemu. Ndani ya sumu mna vimeng'enya vinavyochana utando wa seli. Mna vingine vinavyoisukuma seli ya saratani ijiue yenyewe. Na mna protini ndogo zinazoizuia seli ya saratani kushikamana na sehemu mpya ya mwili, yaani kusambaa.

"Lakini ukiwapasua panya hao hao," tabibu akasema, "unakuta figo na ini vimeguswa." Sumu haijui kuchagua. Kimeng'enya kinachochana seli ya saratani kinachana pia seli ya figo, ya misuli na ya damu. Nafasi iliyopo kati ya kiasi kinachosaidia na kiasi kinachoua ni nyembamba mno, ndiyo maana wengine sasa wanajaribu kuifunga sumu ndani ya chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho, ili ifike kwenye uvimbe peke yake. Imejaribiwa kwa watu pia. Nchini Argentina, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, wagonjwa 23 wenye saratani iliyokwisha kuenea walidungwa protini iliyochujwa kutoka sumu ya nyoka wa Amerika Kusini anayetikisa mkia. Baadhi yao walianza kuona kitu kimoja kama viwili, kwa sababu sumu ile hulegeza misuli ya macho. Mpaka leo hakuna dawa ya saratani iliyotoka kwenye sumu ya nyoka na kuidhinishwa kwa wagonjwa.

"Basi nyoka hana dawa," nikasema.

Akanionyesha mzee wa kitanda cha jirani, mgonjwa wa presha, ambaye kila siku alikuwa anameza kidonge cha kaptopril. Dawa hiyo ilianzia kwenye sumu ya nyoka wa Brazili aitwaye jararaka. Sumu yake huishusha presha ya mwenye kuumwa. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa huko, Sérgio Ferreira, alitoa kwenye sumu hiyo kitu kinachohusika, wengine wa Marekani wakajifunza umbo lake, wakatengeneza kitu chao kinachofanana nacho na kinachofaa kumezwa. Iliidhinishwa mwaka 1981. Kati ya nyoka na kidonge palipita zaidi ya miaka kumi na mitano, na wanyama wengi wa maabara, na hakuna mgonjwa aliyeuziwa kichwa cha nyoka kwenye asali wakati wakisubiri.

Hapo nikamweleza habari za dada. Nilieleza yote, pamoja na yale ya Dar es Salaam na jeneza. Tabibu hakuniambia neno la kunichoma wala la kunifariji. Aliuliza tu, "Yuko wapi sasa?" Nikamwambia yuko nje, amekuja kuniletea uji. Akaondoka kwenda kumwita.

Dada alipimwa. Kilikatwa kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa maabara, na majibu yakarudi: saratani ya mlango wa kizazi, imeshatoka nje ya pale ilipoanzia lakini haijafika mbali. Tuliandikiwa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Wakati tunajiandaa kwa safari ndipo mke wangu aliponiambia jambo ambalo dada alikuwa amemkataza asiniambie. Kwa muda mrefu dada hakuwa akiiamini asali yangu. Alikuwa anailamba mbele yangu asinivunjie heshima, huku akikuza kuku, jogoo kwa jogoo, wa kuuza apate nauli na matumizi ya Dar. Walikuwa wamebaki wachache afikishe hesabu. Nilipoumwa na kifutu, aliwauza wote siku moja kwa bei ya hasara ili dawa yangu inunuliwe. Kuku wa uhai wake ndio waliokuwa wananidondokea kwenye ile dripu.

Nilikwenda kwake nikapiga magoti. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinisikiliza kidogo, akanikatiza: "Ungekufa, nani angenisindikiza Dar? Inuka, ukatafute tiketi." Nimesikia mahubiri mengi ya msamaha. Hilo ndilo lililoniingia.

Ocean Road tulikaa wiki nyingi. Mionzi ilikuwa karibu kila siku ya kazi, na mara moja kwa wiki aliwekewa dripu ya dawa iitwayo sisplatini, kisha baadaye mionzi ya ndani. Kabla ya kila dripu walimpima damu waone figo, na walimwekea maji mengi. Niliuliza sababu. Muuguzi akasema dawa hiyo ni kali kwa figo. Nikakumbuka wodini Singida, nikataka kujua zaidi. Sisplatini ina madini ya platinamu ndani yake. Mmarekani Barnett Rosenberg aliugundua uwezo wake kwa bahati mwaka 1965 alipokuwa akichunguza vijidudu na umeme. Ikajaribiwa kwa panya wenye uvimbe, ukayeyuka. Na wagonjwa wa kwanza waliharibika figo mpaka madaktari walipojifunza kutanguliza maji. Iliidhinishwa mwaka 1978. Kwa hiyo dada alikuwa anatibiwa kwa sumu, kama nilivyomwahidi. Ila hii ilikuwa imepimwa, na walioumia nayo walikuwa wameandikwa, na kila chupa ya maji aliyowekewa ilikuwa imetoka katika maandishi hayo.

Alitapika. Alikonda. Kuna siku alisema turudi nyumbani, nami sikuwa na haki ya kumshawishi abaki. Akina mama waliokuwa kwenye foleni ya mionzi ndio waliomshika. Baadhi yao hawakurudi kwao wakiwa hai. Siwezi kusema dada aliwazidi imani, wala kwamba Mungu alimpenda zaidi. Nawataja hapa kwa sababu nimeapa kutohesabu tena waliopona peke yao. Dada yupo. Anakwenda kupimwa anapopangiwa, na amerudi kufuga kuku.

Nisikufiche, sikubadilika siku moja. Niliporudi Mtinko mfuko wa mjomba ulikuwa bado unaning'inia pale pale. Sikuutupa. Fedha za minadani zilikuwa zimekatika, na watu walisema nimehongwa na hospitali. Wazee wa ukoo waliumia kweli. Kwao nilikuwa namtukana marehemu. Ada ya mtoto ilipofika, ikaja familia kutoka mbali na kijana aliyeumwa mguuni, nami nikabandika jiwe, nikapokea hela. Kijana alipona. Wakarudi kunishukuru, na shukrani ile ndiyo iliyonitisha kuliko kifo chochote, kwa sababu niliona kabisa jinsi nilivyokuwa tayari kuamini tena. Kesho yake niliumwaga mfuko chooni. Kwa mjomba sina kinyongo. Alifanya alichofundishwa, na hakukuwa na mtu wa kumwonyesha hesabu nyingine. Mimi nilionyeshwa.

Siku hizi mtu akiumwa na nyoka huku kwetu bado mara nyingine ananitafuta. Nakwenda. Namwambia avue pete na bangili kabla mkono haujavimba, atulie, asitembeze kiungo kilichoumwa, asichanje, asinyonye, asifunge kamba ya kubana, asipoteze muda kumkimbiza nyoka, na naita bodaboda. Dawa yangu sasa ni namba za simu za wenye bodaboda. Nawaambia watoto wavae viatu na kushika tochi usiku, maana kifutu hakimbii. Hulala njiani akangoja ukanyage.

Nikienda Arusha na vitunguu, basi hupita Meserani, palipo na hifadhi ya nyoka tangu 1993, na zahanati inayotibu walioumwa. Siku moja nilishuka. Nilimwona kifutu nyuma ya kioo, nikamtazama kwa muda. Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Nimejifunza pia kwamba hata dunia kubwa ilihesabu vibaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, na walemavu wa kudumu ni karibu mara tatu ya hao, lakini ni mwaka 2017 tu janga hili lilipowekwa kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika yanayopewa kipaumbele. Miaka michache kabla, kiwanda kimoja cha Ulaya kilikuwa kimeacha kutengeneza dawa iliyotegemewa Afrika, kwa kuwa haikuwa na faida. Wengi wanaokufa kwa nyoka hufia vijijini, kwa watu kama nilivyokuwa mimi, na hawafiki kwenye daftari lolote. Nina sehemu yangu katika ukimya huo.

Ghalani kwangu panya ni adui, na najua atabaki hivyo. Lakini kuna panya wanaonidai, na farasi pia. Hawakuulizwa. Ninasikia wapo wanasayansi wanaotafuta njia za kupunguza maumivu yao na idadi yao, nami nawaombea wafanikiwe. Jambo la chini kabisa tunaloweza kufanya kwa wanyama waliokufa ili tujue ukweli, ni kutoubadilisha ukweli huo ukishafika kwenye simu.

Hivi karibuni alinijia baba mmoja, mke wake ana uvimbe kwenye titi. Alikuwa na ujumbe ule ule, picha ile ile. Alitaka sumu, alisema atalipa chochote. Nilimkaribisha, tukala, kisha nikamwomba tuusome pamoja polepole. Nilimuuliza: hapa walioponywa ni nani, watu au panya? Waliokufa wameandikwa wapi? Waliopewa maji matupu walikuwaje? Hakuwa na jibu, kwa sababu ujumbe haukuwa nalo. Sikumwambia kwamba ni uongo. Nilimwambia kwamba ni habari ya njia ambayo haijafika mwisho, na mke wake hawezi kukaa njiani akisubiri. Asubuhi walikwenda hospitali.

Huenda siku moja itatoka dawa ya saratani kwenye sumu ya nyoka, pengine hata ya kifutu wa huku kwetu, nami nitafurahi kuliko wengi. Wewe uliye na mgonjwa leo, usiingoje. Mpeleke apimwe wiki hii. Ukikosa nauli, uza kuku. Na akitokea mtu kama nilivyokuwa mimi, mwenye sauti nzuri na orodha ya waliopona, mwombe kwa heshima akuonyeshe na ile orodha nyingine.